Fo-wili Iliyotembea Sana: Mwongozo Kamili wa Kufidia Sevisi Zilizorukwa

Gari la fo-wili lenye kilomita 250,000 au 300,000 si lazima liwe limechoka. Land Cruiser, Patrol, Pajero au Defender iliyotunzwa kwa wakati hupita hapo ikiwa bado na nguvu zake. Kinachoyaua magari haya ni sevisi zilizorukwa na mwenyewe wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu, kila mmoja akimwachia anayefuata. Ukilinunua wewe, unazikuta zote zimekusubiri kwa pamoja.

Mtu akishalipata gari la namna hii, macho hukimbilia winchi, taa za juu ya paa na matairi makubwa. Nakusihi uviweke kando kwanza. Pesa yako na muda wako vina kazi tatu, na mpangilio wake haubadiliki: kwanza shughulikia kinachoweza kukuua, halafu kinachoweza kuua injini, halafu kinachoweza kukuacha porini. Starehe zisubiri.

Jambo jingine la kushika tangu mwanzo: kazi isiyo na uthibitisho ihesabu haijafanyika. Muuzaji akisema oili ya difu (gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu) ilibadilishwa juzi na hana risiti wala kumbukumbu, wewe badilisha. Oili ya difu ni rahisi mno ukilinganisha na difu yenyewe.

Kagua kabla hujafungua kitu

Usilioshe gari kwanza. Ingia chini yake likiwa chafu vilevile, tochi mkononi, utazame ni wapi vumbi limeshikana na oili. Vumbi lililoganda na kukauka ni dalili ya uvujaji wa zamani au mdogo. Panapong'aa kwa unyevu ndipo panapovuja sasa. Ufuate unyevu huo kwenda juu na mbele, kwa kuwa oili hushuka na upepo wa mwendo huisukuma nyuma, hivyo pale inapodondokea huenda pakawa mbali na pale inapotokea. Piga picha. Ndipo uoshe chini vizuri, uendeshe siku mbili hivi, urudi kutazama tena.

Gari likiwa safi, gonga chesisi kwa nyundo ndogo kwenye maungio ya springi, juu ya ekseli ya nyuma, karibu na boksi la usukani na kwenye pembe ambamo matope hujificha. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti iliyokufa, au nyundo huzama kabisa. Kutu ya juujuu husuguliwa na kupakwa rangi, lakini chesisi iliyooza kwenye maungio ya springi au ya usukani ni jambo la kuamua kabla hujanunua spea hata moja. Huenda gari hilo halistahili gharama zote zinazofuata.

Injini uiwashe asubuhi, ikiwa baridi kabisa. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Moshi mweupe unaoendelea hata baada ya injini kupata joto, wenye harufu ya utamutamu, ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Kwenye dizeli, mweupe wa asubuhi unaopotea baada ya muda mfupi mara nyingi unatokana na hita plagi (zinazopasha silinda joto kabla ya injini kuwaka) zilizokufa. Kisha, injini ikinguruma bila kukanyagwa, legeza kifuniko cha kujazia oili. Pumzi kidogo ni ya kawaida. Moshi unaotoka kwa nguvu, kwa mapigo, maana yake ringi za pistoni au silinda zimechoka, na hapo upime mgandamizo wa kila silinda kabla ya kutoa pesa kwa kitu kingine.

Tafuta kitabu cha ufundi cha gari lako kwa namba ya chesisi na ya injini. Jina la gari pekee halitoshi, kwa kuwa jina moja huvaa injini tatu au nne tofauti kulingana na mwaka na soko. Fungua na daftari: tarehe, kilomita, kilichofanyika, aina ya oili, namba ya spea.

Kuhusu jeki, usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi chini ya ekseli au chesisi, kwenye sakafu ngumu, na vizuizi kwenye magurudumu yaliyobaki chini. Wenye Defender na Land Rover za zamani wana hatari ya ziada ambayo wengi hawaijui. Hendibreki yake hushika propela shafti (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli) badala ya magurudumu. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu inaliruhusu lizunguke huru, na gari linaweza kubingirika huku hendibreki ikiwa imevutwa hadi mwisho.

Breki

Anza na oili ya breki, hata kama kanyagio linaonekana kuwa zima. Oili hiyo hufyonza unyevu kutoka hewani. DOT ni daraja la oili ya breki, nalo huandikwa kwenye chupa. DOT 4 mpya hutakiwa isichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishafyonza unyevu, kiwango chake kinaweza kushuka hadi 155. DOT 3 huanza na 205 na kushuka hadi 140. Gari zito linaloteremka mlima mrefu likiwa na mzigo linaweza kufika huko, na oili ikichemka hufanya mvuke, kanyagio linazama na breki hakuna. Ibadilishe yote, na kuanzia hapo kila baada ya miaka 2. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi na hizi. DOT 5.1 ni jamaa ya DOT 3 na 4, ingawa jina lake linapotosha.

Wakati wa kutoa upepo, usikanyage hadi chini kabisa kwenye masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na kanyagio) ya zamani. Sehemu ya mwisho ya silinda hiyo haijaguswa kwa miaka, ina kutu na uchafu, na raba za ndani zikipita hapo huchanika. Weka kipande cha ubao chini ya kanyagio, ukanyage nusu, polepole. Mafundi wengi hupuuza hili, kisha masta silinda hufa wiki inayofuata na lawama hupewa oili mpya.

Halafu angalia paipu za mpira za breki. Zikunje kwa vidole. Zikionyesha nyufa zibadilishe zote kwa pamoja. Paipu inaweza pia kuvimba kwa ndani bila kuonyesha kitu nje, ikabana oili isirudi, na breki ya gurudumu hilo ikabaki imeshika. Dalili yake ni habu moja kuwa moto kuliko nyingine baada ya safari fupi. Pedi zilizobaki milimita 3 zimekwisha. Fungua na ngoma za nyuma: ukikuta oili ndani, sili ya ekseli imekufa, na shuu zilizoloa usijaribu kuzikausha wala kuziosha kwa petroli. Badilisha sili, badilisha shuu, safisha ngoma.

Magari mengi ya aina hii yana vali juu ya ekseli ya nyuma inayopima uzito wa mzigo na kugawa nguvu ya breki. Mkono wake hukwama kwa matope na kutu. Usogeze, ukikataa kwenda, breki za nyuma hazipati nguvu inayofaa mzigo.

Usukani na magurudumu

Hapa unahitaji mwenzako. Gari likiwa chini kwa magurudumu yake, injini ikiwaka, yeye aukate usukani kushoto na kulia kwa nusu mkono huku wewe ukitazama kila tairodi, kila boljointi, na boksi la usukani lenyewe. Kiungo kinachosogea kabla ya kile kinachofuata ndicho kilichokufa. Kwenye ekseli nzima ya mbele (chuma kimoja kigumu kinachounganisha magurudumu mawili), tazama sana bushi za fimbo inayoshika ekseli isiende upande. Bushi hizo zikilegea, gurudumu likapiga shimo kwa mwendo fulani, usukani mzima huanza kutikisika kwa nguvu ya kutisha. Shokapu mpya ya usukani huficha ugonjwa huo kwa muda, haiuponyi.

Inua kila gurudumu, ulishike juu na chini, ulitikise. Kisha kushoto na kulia. Likicheza pande zote, beringi za habu zinahusika. Likicheza kushoto na kulia tu, tafuta tairodi. Kabla hujahukumu beringi, mwenzako akanyage breki: mchezo ukipotea ni beringi, ukibaki ni boljointi au kingpini. Beringi za kubana kwa nati, kama zilivyo nyingi kwenye ekseli nzima, huoshwa, hukaguliwa, hujazwa grisi mpya na kubanwa kwa kipimo cha kitabu. Rola yenye doa la bluu au vishimo itupwe pamoja na kikombe chake.

Matairi yana umri hata kama kashata zake zinavutia. Tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi (si ile DOT ya oili ya breki) ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi huweka miaka 10 kuwa mwisho. Kwa gari linalopita mawe na jua kali mimi sisubiri miaka 10. Kwenye gari linaloendesha magurudumu yote muda wote, matairi manne yafanane kwa saizi na uchakavu, la sivyo difu ya kati (inayogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) inazunguka na kuumia bila kupumzika. Usisahau tairi la akiba. Hilo huwa ndilo kongwe kuliko yote.

Injini: belti, joto, oili

Kwanza ujue injini yako inatumia nini kuzungusha kamshafti, yaani shafti inayofungua vali. 1HZ na 1KD-FTV za Toyota zina taiming belti, na 300Tdi ya Land Rover vilevile. 4M40 ya Mitsubishi ina cheni. TD42 ya Nissan ina gia, hiyo haikupi shida. Belti isiyo na kumbukumbu ibadilishwe kabla ya safari yoyote ya maana, kwa kuwa kwenye dizeli ikikatika pistoni hugonga vali na hapo injini inafunguliwa. Pamoja nayo badilisha tenshena (kifaa kinachokaza belti), puli zake, sili za kamshafti na krankshafti, na pampu ya maji kama inaendeshwa na belti hiyohiyo. Kubana matumizi hapa ni kulipia kazi ileile mara mbili.

Joto ndilo linaloua injini nyingi za kilomita nyingi. Gari likishachemsha mara moja, silinda hedi inaweza kupinda au kupasuka, na hakuna dawa ya chupa inayorekebisha hilo. Maji ya bomba matupu kwenye rejeta huleta kutu na magamba. Mwaga yote, suuza kwa maji safi hadi yatoke meupe, jaza kulanti ya aina iliyotajwa kwenye kitabu iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Usichanganye aina mbili kwa kutazama rangi, kwa sababu rangi haina sheria moja kwa kampuni zote. Badilisha themostati, kifuniko cha rejeta na paipu zote za mpira. Kifuniko kinadharaulika, lakini kazi yake ni kushikilia presha, na presha ndiyo inayozuia maji kuchemka mapema.

Osha rejeta kwa nje pia, ukipitisha maji kutoka upande wa injini kwenda mbele. Matope yaliyojaa kati ya rejeta na kondensa ya eyakondishena hayaonekani ukisimama mbele ya gari. Feni yenye klachi ya mnato ipimwe injini ikiwa moto na imezimwa: ukiizungusha kwa mkono lazima ikatae kidogo. Ikizunguka huru kabisa, imekufa.

Oili ya injini ibadilishe mara mbili kwa karibu. Ya kwanza sasa, ya pili baada ya kilomita 1,000 hadi 1,500, pamoja na filta kila mara, kwa kuwa oili mpya huanza kuyeyusha uchafu uliolala ndani na hutaki uchafu huo uendelee kuzunguka. Dawa za kusafisha injini kwa dakika 10 siziamini kwenye injini iliyoachwa muda mrefu. Hung'oa mabonge, na mabonge yakiziba chujio la sampo (bakuli la oili chini ya injini), oili haipandi. Ikate filta ya zamani, utandaze karatasi yake juani. Vumbi laini la chuma si ajabu. Vipande vinavyong'aa vya rangi ya shaba vinatoka kwenye beringi za krankshafti.

Injini pia hufa kwa vumbi kupitia njia ya hewa. Filta mpya haisaidii kama paipu kati yake na injini imepasuka. Pitisha kidole ndani ya paipu hiyo, upande wa injini: ukikuta vumbi, kuna tundu, au filta haikai vizuri. Snokeli (bomba la hewa linalopanda hadi juu ya gari) iliyofungwa ovyo hupitisha vumbi na maji kwenye kila kiungo. Kwa dizeli, badilisha filta ya mafuta na kumwaga maji kwenye kitenganishi. Maji yakiendelea kuja, tangi lenyewe lishushwe na kuoshwa.

Oili ambazo hakuna anayezikumbuka

Sehemu hii ndiyo inayotofautisha fo-wili na gari dogo, na ndiyo iliyosahaulika zaidi katika kila gari la namna hii. Kuna giaboksi, transfa kesi (sanduku la gia linalopeleka nguvu mbele na nyuma), difu ya mbele na difu ya nyuma. Oili nne, na mara nyingi hakuna hata moja iliyoguswa kwa miaka.

Kanuni ya kwanza ni kufungua nati ya kujazia kabla ya nati ya kumwagia. Nati ya kujazia ikiwa imegandia na wewe umeshamwaga oili, gari limekwama hapohapo.

Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Jaza mpya, endesha kilomita 200 hivi, mwaga tena, hadi itoke safi. Sumaku ya nati itakuwa na uji mweusi laini, huo ni wa kawaida. Jino la gia au kipande unachoweza kukishika kwa vidole si cha kawaida, difu hiyo ifunguliwe.

Usinunue oili ya gia kwa unene pekee. Tazama pia daraja lake, GL-4 au GL-5, lililoandikwa kwenye chupa. Difu za aina hii huhitaji GL-5. Giaboksi nyingi za mkono za zamani huhitaji GL-4, kwa sababu viungo vya GL-5 vinaweza kudhuru shaba ya ringi zinazosawazisha gia, na gia zikaanza kuingia kwa ugomvi. Difu yenye kibano cha kuzuia gurudumu moja kuteleza huhitaji oili yenye kiungo chake maalumu. Giaboksi ya otomatiki iliyo na oili nyeusi usiisafishe kwa mashine ya presha. Mwaga na kujaza mara kadhaa, ukiendesha siku chache katikati. Kama tayari inateleza na oili inanuka kuungua, oili mpya haitairudisha.

Sasa tafuta vipumulio. Kila ekseli, giaboksi na transfa kesi ina kijitundu au kipaipu cha kupumulia. Kikiziba kwa matope, difu ikipata moto hewa ya ndani hutanuka, haina pa kutokea, husukuma oili nje kupitia sili hadi kwenye breki. Ukiingia mtoni na difu moto, hewa husinyaa ghafla na kuvuta maji ndani kupitia sili hizohizo. Ndiyo maana wengine hubadilisha sili kila mwaka bila kuelewa kwa nini zinavuja. Safisha vipumulio, na ikiwezekana vivutie paipu hadi juu ndani ya boneti.

Krosi za propela (viungo vyake vyenye umbo la msalaba) zisukume juu na chini na kuzizungusha kwa mkono. Mchezo wowote, au unga mwekundu wa kutu kwenye vikombe vyake, krosi imekwisha. Kabla ya kushusha propela weka alama kwenye maungio yote, irudi ilivyokuwa, maana ikirudi kwa mkao mwingine itatetemeka. Piga grisi kwenye kila nipo (kichwa kidogo cha kupigia grisi) hadi grisi mpya itokeze. Kwenye sehemu inayoteleza ya propela, kidogo inatosha.

Jaribu fo-wili yenyewe kwenye udongo, mchanga au changarawe. Usiifunge kwenye lami kavu kwa magari yasiyo na difu ya kati, au ukiwa umeiloki difu hiyo, kwa kuwa magurudumu ya mbele na ya nyuma hupita njia zenye urefu tofauti kwenye kona na nguvu inajikunja ndani ya gia. Ingiza gia nzito pia, zile za mwendo mdogo wenye nguvu nyingi. Ikikataa kuingia, tazama linki na vali za vakyumu kabla ya kulaumu transfa kesi. Mara nyingi hazijatumika kwa miaka, zimegandia tu. Baada ya hapo itumie kilomita chache kila mwezi ili oili ifike kwenye gia zake.

Springi, bushi, umeme

Tazama majani ya springi yaliyovunjika, hasa karibu na katikati ambako yameshikwa. Yu-bolti zibanwe kwa kipimo. Zikishafunguliwa, weka mpya. Shokapu inayovuja oili imekufa. Bushi za raba zibadilishe kwa raba. Zile za plastiki ngumu ni imara lakini hupeleka kila pigo kwenye chesisi, na kwenye gari la zamani mimi sizipendekezi.

Umeme wa gari la zamani huhangaishwa zaidi na ethi (waya zinazounganisha betri na injini kwenye bodi na chesisi) kuliko na kitu kingine. Fungua kila waya wa ethi, sugua hadi chuma king'ae, funga, paka grisi. Betri iliyojaa na kupumzika husoma takribani volti 12.6, injini ikiwaka, alteneta itoe kati ya 13.8 na 14.5. Waya zilizounganishwa na wenye kabla yako bila fyuzi zing'oe, ni chanzo cha moto.

Baada ya kazi

Usifanye yote wikiendi moja. Maliza kundi moja, endesha siku kadhaa, ndipo uingie jingine. Ukibadilisha vitu ishirini kwa mpigo na sauti mpya ikatokea, hutajua imetoka wapi.

Nati za magurudumu zikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Yu-bolti vilevile. Kisha chukua njia mbovu iliyo karibu, gari likiwa na mzigo wa kawaida, kwa saa mbili tatu. Ukisimama, gusa kila habu kwa tahadhari ulinganishe joto, tazama kiwango cha kulanti injini ikishapoa, na uingie tena chini ya gari na ile tochi. Safari ndefu ipange baada ya kilomita 1,000 bila doa jipya na bila kuongeza oili. Winchi unaweza kuanza kuitafuta sasa.